Karatasi Yenye Mstari Mmoja

Wiki jana nilimfokea Mwalimu Muli mbele yenu wote, walimu wenzangu, kwa sababu ya karatasi. Aliichukua mezani kwangu, akaona ina mstari mmoja tu na kwingine kote ni nyeupe, akaona ni mahali pazuri pa kuandika nani anakunywa chai ya maziwa na nani ya rangi. Mliduwaa, na mlikuwa na haki ya kuduwaa. Tangu siku hiyo mnaniuliza mmoja mmoja kule Tseikuru kulitokea nini hasa. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku kengele inapigwa, kwa hiyo naandika mara moja msome wote, na Muli asome mara mbili.

Mwanzo wake mnaujua nusu. Wasichana wetu kumi na mmoja wa Kidato cha Sita wamesoma kwa mwaka mmoja na nusu shairi refu la yule mshairi wa Ireland, mmoja wa hawa wa kisasa wanaovunja mistari mahali popote wanapojisikia. Jina lake limo kwenye kila daftari lao. Shairi linahusu njaa iliyoipiga nchi yake zamani, kabla hajazaliwa. Ndani yake mna orodha ya majina, tangazo la sokoni, ugomvi wa mlangoni, nusu ya sala na vipande vya wimbo. Vina hakuna, mwaka hakuna. Mtihani wa majaribio uliuliza mambo mawili: shairi hili ni la aina gani, na lina uhusiano gani na historia? Wote kumi na mmoja walianguka. Mmoja wao, Mbithe, aliandika kwa Kiingereza kizuri sana kwamba shairi hili limechanganyikiwa.

Sentensi hiyo ilisomwa kwa sauti mbele ya jopo la walimu wa fasihi kule Machakos. Aliyeisoma ni mwenyekiti, Bwana Nzioka, aliyefundisha historia miaka mingi kabla ya kuhamia fasihi. Ni mtu wa adabu, hata mtu mmoja humwambia "nyinyi", hainui sauti, na hilo ndilo linaloudhi.

"Mwalimu, mimi namuunga mkono huyu mtoto," aliniambia. "Hii si tamthilia, si maombolezo, si utenzi. Ni aina gani? Na historia iko wapi? Mwaka uko wapi? Mfalme yuko wapi? Wasichana wachukue ile riwaya iliyo kwenye orodha ya mtihani."

Wabadilishe kitabu miezi mitatu kabla ya mtihani! Damu ilinipanda. Nikasimama nikasema kwamba hata shangazi yangu wa Tseikuru, ambaye hajaingia darasani hata siku moja, angelielewa shairi hili. Watu walicheka. Bwana Nzioka hakucheka.

"Basi mwende mkamuulize," alisema. "Tunakutana Kitui Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne. Mkija na jibu lake tutalisikia. Msipokuja nalo, kitabu kinabadilishwa."

Kitabu chenyewe alibaki nacho, kwa kuwa ni hicho kimoja tu. Mimi nilikuwa na nakala zangu za saiklostaili, na hapa lazima niungame kitu. Katika kitabu, mistari imetawanyika ukurasani: mingine iko kushoto, mingine imesukumwa kulia, na ukurasa mmoja mzima una mstari mmoja. Nilipokuwa nachapa stensili, zile karatasi za nta za kutolea nakala, niliona hayo ni madoido ya mzungu asiyejua taabu ya kupata stensili ofisini kwetu. Nikaisukuma mistari yote kushoto, mmoja chini ya mwingine, bila nafasi. Maandishi madogo ya mlazo chini ya kichwa nikayaacha kabisa. Kurasa tisa zikawa nne. Mwalimu mkuu alinisifu mkutanoni, mnakumbuka, akawaambia muige mfano wangu.

Kibwezi hadi Ikutha

Jumamosi asubuhi nilipata nafasi mbele kwenye lori la mfugaji tajiri wa Mwingi, Hajji Yusuf. Dereva wake, Abdi, alikuwa ameteremsha mbuzi Kibwezi na sasa anapitia Ikutha kuchukua fahali mmoja ambaye bosi wake alikuwa amemnunua. Baada ya hapo ni moja kwa moja hadi Mwingi. Nilijiona nina bahati. Tulivuka mto Athi nikiwa naimba, na kabla ya saa sita tulikuwa tumefika Ikutha, vumbi hadi kwenye nyusi.

Fahali alikataa kupanda. Walimvuta, walimsukuma, wakamwekea ubao, wakamwekea majani. Akalala chini akaanza kucheua, macho yamefumbwa. Abdi alizunguka akarudi kuniambia, "Mwalimu, tungoje kidogo." Hiyo kidogo ilikwisha Jumapili jioni.

Nilijikalia kwa mama mmoja muuza chakula aitwaye Kavinya. Muthokoi wake wa mahindi umekobolewa vizuri, maharagwe yameiva hadi ndani, na hana haya kukuongezea bila kuuliza. Siku ile ilikuwa ya soko. Niliposhiba nikatoa nakala yangu nikaanza kusoma kwa sauti, nikitafuta mahali mdundo unapojificha. Nilikuwa kwenye ile sehemu ya majina. Kila nilipoinua macho watu walikuwa wameongezeka, na nilipofika mwisho wa orodha palikuwa na foleni, imenyooka vizuri, akina mama mbele, wazee nyuma.

"Mwalimu, jina yangu iko?" aliuliza wa kwanza.

"Jina gani, mama?"

"Ya mahindi ya msaada. Si ndio hiyo unasoma?"

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu ile njaa tunayoiita Nikwa Ngwete, nakufa na pesa mkononi, mtu ana noti na duka ni tupu. Tangu wakati huo, mtu akionekana sokoni na karatasi ya saiklostaili akisoma majina, nani atadhani ni shairi? Nikawaeleza kwamba haya ni majina ya watu wa mbali sana, Ireland, na wamekufa zamani.

"Wakakufa na nini?" aliuliza Kavinya, mwiko mkononi.

"Na njaa."

"Sasa si ni hiyo tu!" alisema. "Orodha ya njaa ni orodha ya njaa. Soma tena."

"Lakini hata mwaka haijasema ni gani," nilimwambia, maana Bwana Nzioka alikuwa amenikaa kichwani.

"Mwaka ni ya serikali. Sisi tunahesabu na njaa. Huyu kijana yangu alizaliwa Nikwa Ngwete, na dada yake kabla. Soma, mwalimu."

Nikasoma tena. Hakuna aliyeondoka kwenye foleni. Kila jina nililotaja waliitikia pamoja kwa chini, "Ii," kama mtu anayekiri kwamba huyo anamjua. Niliona ni heshima tu ya watu wa huko, nikakunja karatasi zangu. Mwanafasihi mzima, nimepewa jibu sahanini pamoja na muthokoi, na sikuliona.

Ikutha hadi Mwingi

Fahali alipakiwa na Kavinya. Alikuja na kipande cha magadi, akamlambisha kidogo, akapanda yeye mwenyewe ndani ya lori huku amekishika nyuma ya mgongo. Fahali akamfuata taratibu. Wanaume waliokuwa wamevuta kamba siku mbili walitazama upande mwingine.

Tulipita Mutomo na Kitui, na Jumatatu adhuhuri tukaingia Mwingi. Abdi alisema gari la kwenda Tseikuru ni la Hajji pia, kwa hiyo akanipeleka moja kwa moja nyumbani kwa bosi wake. Mke wa Hajji, Mama Halima, alinikaribisha kwa anjera, nyama ya mbuzi na chai ya maziwa ya ngamia. Mimi nimelelewa kwamba ukiacha chai kikombeni umemtukana mwenye nyumba. Yeye amelelewa kwamba mgeni akiwa na kikombe kitupu ni aibu ya mwenye nyumba. Nikamaliza, akajaza. Nikamaliza tena, akajaza tena. Kikombe cha sita nilimtazama kwa macho ya kuomba msamaha, na hapo ndipo aliposhtuka, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mwalimu, bakisha kidogo!" alisema. "Usipobakisha, mimi nitajuaje umeshiba?"

Hajji Yusuf alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Aliuliza ninasafiri kwa shughuli gani. Nikamweleza, naye akakaa vizuri kitini kwa namna ambayo sikuitarajia kwa mfanyabiashara wa ng'ombe.

"Soma," alisema.

Nilianza. Hakuniacha nimalize mstari wa kwanza.

"Ngoja. Umeruka. Hujasema ni ya nani."

Nikamtajia jina.

"Haya. Alisema kwa sababu gani? Alipata habari kwa nani? Alikuwako?"

"Hapana, Hajji. Alizaliwa baadaye sana."

"Basi kuna mtu alimpa. Sisi kwetu huwezi kutoa shairi ya mtu mdomoni namna hiyo, kama mate. Kwanza unasema: hii ni ya fulani, aliisema siku fulani, kwa sababu ya jambo fulani, na mimi niliipata kwa fulani. Ndio watu wanasikiliza. Bila hiyo ni kelele."

Nikamwambia kwamba mshairi huyu hakusema alipewa na nani. Hajji alitikisa kichwa.

"Alisema. Mtu ambaye anajua maneno namna hii, lazima alisema. Wewe ndio umepoteza."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nani huyu wa kunifundisha kazi yangu? Nikaendelea kula nyama yangu. Lakini yale maandishi madogo ya mlazo niliyoyaacha yalianza kunisumbua. Nilijaribu kukumbuka yalisema nini. Sikukumbuka hata neno moja.

Lori la Tseikuru lilikuwa linangoja sukari. Sukari haikufika Jumatatu, haikufika Jumanne. Mama Halima alinipikia kila siku na mimi nikawa nabakisha kidogo. Kila saa nilikwenda kusimama barabarani nikitazama malori ya Garissa yakipita, na hakuna hata moja lililokuwa na habari na mimi. Siku zilizobaki niliweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wasichana wangu walikuwa hawajui kwamba mtihani wao unangoja sukari.

Mwingi hadi Tseikuru

Sukari ilifika Jumatano alfajiri. Tulipita Kyuso mapema, na kabla ya saa tisa nilikuwa natembea kwa miguu kuelekea kwa Shangazi Kasyoka, dada mkubwa wa baba yangu.

Nilimkuta uwanjani na akina mama watano wa kanisa lao wakipura mtama. Wamesimama duara, kila mmoja na gongo lake, na magongo yanashuka kwa zamu bila kugongana. Aliponiona alitupa gongo chini.

"Mwaitu!" aliita. "Mwaitu amekuja!"

Wale mnaotoka mbali nawaeleza: mwaitu ni mama. Mimi nimepewa jina la nyanya yangu, Syombua, mama yake baba na mama yake shangazi huyu. Kwa desturi yetu nikawa mama yao. Kibibi cha miaka sabini kinaniita mama tangu nikiwa na nepi, na nikikosea kinaniomba radhi kabla ya kunigombeza.

Tulikula, tukauliziana hali za watu wote hadi mbuzi. Kisha nikasema lililonileta. Shangazi zamani alikuwa ngui. Ngui ndiye anayetunga wimbo na kuuongoza, wengine wakiitikia, na katika nyimbo zake anaweza kumtaja chifu mwizi kwa jina na chifu asimfanye lolote. Watu walitoka mbali, hata Mwingi, kuja kumsikiliza. Uso wa Shangazi ulikunjamana mara moja.

"Nimeokoka, mwaitu. Hizo nyimbo za ngoma niliziacha. Pasta anajua, na hawa wote wanajua."

"Sitaki uimbe, Shangazi. Nataka usikilize tu."

Alifikiri. Akawatazama wenzake.

"Kusikiliza si kuimba," alisema mmoja wao, na wengine wakakubali haraka, maana walikuwa wanataka kusikia.

Wakarudi kwenye mtama. Nami nikasimama pembeni na karatasi zangu, nikisoma kwa Kiingereza moyoni na kutoa kwa Kikamba mdomoni. Nilisoma kama nilivyofundishwa chuo kikuu na kama nilivyowafundisha wasichana: sauti moja, polepole, mtu wa kisasa, mpweke, akili imepasuka, anajiuliza na kujijibu mwenyewe. Nani alikula mbegu, tulikula sote, nani aliona moshi, tuliuona tukanyamaza, mlango ulifungwa na nani, na upepo, na upepo.

Shangazi alisimamisha gongo. Alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kushoto kulia.

"Mwaitu, wengine wako wapi?"

"Wengine gani?"

"Wa kuitikia. Unasema maneno ya watu wote na mdomo moja. Hata mimi ningechanganyikiwa."

Nikamwambia hakuna wengine, mshairi aliandika peke yake, katika mji mkubwa, chumbani.

"Aliandika peke yake, ndio. Lakini hakusikia peke yake," alisema. "Anza tena. Wewe useme ile ya mbele. Hawa watasema ile ya nyuma. Mimi siimbi, ninakuonyesha tu mahali."

Magongo yakaanza. Nikasema, nani alikula mbegu? Na wanawake watano, bila hata kutazamana, wakashusha magongo na kujibu kwamba tulikula sote. Nani aliona moshi? Tuliuona, tukanyamaza. Jamani! Yale maneno niliyoyafundisha mwaka mmoja na nusu kama maradhi ya akili yalisimama yakatembea. Ilikuwa ni aibu ya watu wengi, wanaiungama pamoja ili mmoja asilemewe. Kula mbegu! Nani hapa kwetu hajui maana ya nyumba iliyofikia kula mbegu? Nilitoa kalamu, na mstari kwa mstari Shangazi akaniambia: huu wako, huu wao, wako, wao. Orodha ya majina aliigawa bila kufikiri, jina ni la ngui na "Ii" ni ya watu, na mimi nikakumbuka foleni ya Ikutha nikajipiga kofi la paja.

Kisha tukafika kwenye mstari unaosema: chungu bado kiko motoni.

"Huu ni wangu au wao?" niliuliza.

Shangazi aliinua mkono na magongo yakasimama yote. Mtama ulikuwa bado unarukaruka chini.

"Huo si wako," alisema. "Na si wao. Aliyeweka hicho chungu yuko wapi?"

"Shairi halisemi."

"Linasema. Aliweka chungu, akatoka, hakurudi. Kama angekuwako, angekitoa. Huo mstari ni wake, na hayuko. Hapo ngui ananyamaza, na watu wananyamaza, ndio yeye apate nafasi."

Wale wanawake walikuwa wametazama chini. Nikamuuliza alijuaje.

"Kwa sababu mimi ndio niliachwa nikichochea moto," alisema Shangazi. "Nilikuwa na miaka sita. Mama alisema chochea, ninaenda hapo tu kwa watu ya Tharaka kutafuta kibaba moja ya mtama. Nilichochea hadi maji ikaisha. Baba yako alikuwa mgongoni mwangu. Hatukuambiwa alianguka wapi. Ndio ulipozaliwa tukakuita yeye, na mimi nikakuita mama, ndio nipate mtu wa kujibu."

Miaka yote hii nilidhani naitwa mwaitu kwa desturi tu. Nililia pale pale kwenye mtama wa watu, mbele ya akina mama wa kanisa, na sioni haya kuwaambia. Mmoja akaniletea uji, kisha tukapura hadi mtama ukaisha.

Tseikuru hadi Kitui

Alhamisi lori lilizama katika mchanga wa mto mkavu, magurudumu ya nyuma yote mawili. Tulikata matawi, tukatandika, tukasukuma. Mimi pia nilisukuma, kiatu kimoja nikakiacha humo mtoni na hadi leo kiko huko. Mwingi, Mama Halima alinipa ndala za mwanawe. Ndiyo sababu mliposikia kwamba Mwalimu Syombua aliingia mbele ya jopo na ndala za rangi ya waridi mlisikia ukweli.

Nilifika Kitui Ijumaa saa tano kasorobo. Walikuwa kwenye chai. Bwana Nzioka alitazama saa, akatazama miguu yangu, akanionyesha kiti. Mbele yake palikuwa na barua ya kubadilisha kitabu, imeshapigwa taipu, bado sahihi tu.

"Shangazi amesemaje?" aliuliza. Safari hii nilihisi kicheko chumbani hata kabla hakijatoka.

Kitabu kilikuwa mezani kwake. Nilikuwa sijakigusa tangu Machakos, na humo ndimo ilimokuwa hatari yote. Nilikumbuka kwamba mistari ilitawanyika, lakini upi ulikuwa wapi sikujua. Nilikuwa na alama tu za kalamu yangu, zilizotoka kwa mwanamke asiyejua kusoma. Kama hazikulingana, nimekwisha, na wasichana wangu wamekwisha pamoja nami.

"Bwana mwenyekiti, fungueni kitabu," nilisema. "Mimi sitakitazama. Ukurasa unaoanza na mbegu. 'Nani alikula mbegu' uko kushoto. 'Tulikula sote' umesukumwa kulia."

Aliweka kidole. "Ni kweli," alisema.

"Nani aliona moshi, kushoto. Tuliuona, tukanyamaza, kulia. Mlango, kushoto. Na upepo, na upepo, kulia yote miwili."

"Endeleeni."

Niliendelea. Kushoto, kulia, kulia, kushoto. Walimu waliweka vikombe chini wakaja mmoja mmoja kusimama nyuma ya kiti chake, na baada ya muda walikuwa wao wanaonitangulia kusema kulia. Mstari baada ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa, Shangazi Kasyoka hakukosea hata mmoja. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe, nawaapia!

"Mlisema hili si la aina yoyote," niliwaambia. "Ni wimbo wa kupokezana. Wa kwao na wa kwetu. Mwenye kuutunga alikaa katika mji ambamo hakuna mtu wa kumwitikia, kwa hiyo akawaachia nafasi kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyewafukuza, ili niokoe stensili tano. Mbithe aliandika ukweli kuhusu karatasi niliyompa. Tena chini ya kichwa kuna maandishi madogo niliyoyaruka. Yanasemaje?"

Bwana Nzioka alirudi mwanzo. Alisogeza miwani, akasoma taratibu: kwa nyanya yangu, aliyeniambia haya akiwa amegeukia ukuta.

Hajji Yusuf, popote ulipo na ng'ombe zako, ulishinda. Kuna mtu alimpa.

"Bado ukurasa mmoja," nilisema.

Aliufungua. Mstari mmoja, katikati, na kwingine kote nyeupe. Alifungua mdomo kuusoma. Kisha akaufunga. Chumba kizima kikanyamaza, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Shangazi yenu alisema huu ni wa nani?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Wa mtu ambaye hayuko. Mliuliza historia iko wapi, Bwana Nzioka. Ndiyo hiyo."

Alichukua ile barua iliyopigwa taipu, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya sahani ya mandazi.

"Wasichana wabaki na kitabu chao," alisema. "Na nyinyi mpewe chai, mwalimu. Mmetoka mbali." Nikanywa, na nikabakisha kidogo.

Mengine mliyaona wenyewe. Mliona nilivyochapa stensili upya, tisa badala ya nne, na mwalimu mkuu akaniuliza kama nina wazimu, stensili nzima kwa mstari mmoja. Mliwasikia wasichana kupitia ukutani, Mbithe akiongoza na kumi wakiitikia, hadi darasa la jirani likaacha hesabu. Jopo liliwapa mtihani wa majaribio mara ya pili, wakapita wote kumi na mmoja.

Sasa ile karatasi, Muli. Nimeibandika ukutani juu ya meza yangu. Orodha ya chai tafuta pengine pa kuiandika, maana pale hakuna nafasi. Nyanya yangu amekaa.